Nyanya Moja Isiyo na Doa

2 Juni

Daftari hili ni la vipimo vya wateja. Kurasa za mbele zimejaa viuno na mabega ya watu. Za nyuma zilikuwa tupu, basi kuanzia leo ni zangu. Inabidi niandike, maana leo ahadi imetolewa mezani mbele ya watu wanne, na watu wa nyumba hii nawajua. Siku ya kuitimiza ikifika, kila mmoja atakuja na maneno yake.

Baba mkwe wangu yuko kwetu wiki ya tatu sasa. Alianguka shambani kwake akaumia nyonga, na daktari akasema mtu wa umri ule hafai tena kukaa peke yake. Mama mkwe alishatutoka miaka minne iliyopita. Mume wangu akamleta hapa ghorofa ya tatu na kumpa chumba changu cha kushonea. Cherehani yangu sasa iko sebuleni, meza ya kukatia imeegemezwa ukutani, na mimi nakata nguo za watu sakafuni nimepiga magoti. Nimemtolea Baba droo mbili kabatini, lakini hajaweka hata leso. Begi lake liko nyuma ya mlango. Shati analitoa humo asubuhi, likishafuliwa analirudisha humo humo na kufunga zipu.

Leo tukinywa chai mume wangu akamwomba akae moja kwa moja.

"Nikae nifanye nini?" Baba akauliza. "Nyumba yenu haina hata udongo wa kujaza kiganja."

"Kuna ndoo sita za rangi pale roshani," mume wangu akasema. "Tutapanda humo."

Baba alicheka mpaka akakohoa. Amelima maisha yake yote, na hajawahi kusikia mmea ukiwekwa kwenye ndoo.

"Haya. Mkinipa nyanya moja, moja tu, nyekundu, nzima, isiyo na doa, kutoka kwenye ndoo zenu, nitakaa. Mkishindwa, mdogo wako akija na lori tarehe kumi Septemba, napanda naye."

Mdogo wa mume wangu ni dereva wa lori, na safari yake hiyo hupita mlangoni kabisa kwa Baba. Binti yetu ana miaka tisa. Tunamwita Chiriku kwa sababu hafungi mdomo hata usingizini. Alimshika babu yake mkono wakapeana kiapo palepale.

Kwa kuwa hakuna atakayesoma huku nyuma ya viuno vya wateja, niseme kweli. Nilifurahi, na kilichonifurahisha ni ile tarehe kumi Septemba.

4 Juni

Miche sita, ndoo sita. Mume wangu ni fundi majokofu na ana kekee, basi alitoboa matundu chini ya kila ndoo kwa mbwembwe kama anafungua kiwanda. Baba alikaa kwenye kiti mlangoni mwa roshani, mikono juu ya fimbo.

"Udongo mzito huo."

"Basi tusaidie, Baba."

"Mimi niko upande wa pili. Mpinzani hasaidii."

9 Juni

Miche imesimama. Chiriku ameshangilia. Baba akasema hata ufagio husimama ukiuegemeza.

13 Juni

Sare za shule kumi na nne. Magoti yananiuma. Nilikuwa nimeshapiga pasi ya mwisho, Baba akasema kutoka kwenye kiti chake, umbali wa hatua nane nzima, "Hiyo sketi ya tatu ina mshono umeruka." Nikaitazama kwa jicho la dharau. Ulikuwa umeruka kweli. Yule mzee ana macho ya mwewe, na sikumshukuru.

20 Juni

Majani ya chini yamekuwa ya njano kwenye ndoo tatu.

22 Juni

Ndoo zote. Ajabu ni kwamba mchana miche inalegea kama yenye kiu, na udongo umelowa. Mume wangu anasema ni jua. Chiriku anasema ni huzuni. Mimi nilidhani ni chakula, nikanunua mbolea na kuitilia kijiko kimoja kimoja. Baba aliguna tu. Kila mguno wake una maana, ila hautafsiri.

25 Juni

Leo tumeumbuka familia nzima.

Saa moja na nusu asubuhi mlango ukagongwa kwa hasira. Alikuwa jirani wa ghorofa ya pili, yule muuguzi wa zamu anayeishi chini yetu kabisa. Mkononi alikuwa na gauni lake jeupe la kazini lenye michirizi ya tope kuanzia kola hadi pindo.

"Jirani, mimi nimevumilia wiki mbili. Nikianika, mnaninyeshea. Nikianua nikaanika tena, mnaninyeshea tena. Hivi hizo mboga zenu zinaogeshwa mara ngapi kwa siku?"

"Mara moja tu, dada yangu," nikasema. "Mimi mwenyewe humwagilia saa mbili baada ya chai."

Alinitolea macho. "Mara moja? Mimi nikiwa zamu ya usiku nalala mchana, na sihitaji saa ukutani, matone yenu yananitosha. Saa kumi na mbili alfajiri, maji. Saa mbili, maji. Saa tisa, maji. Saa kumi na mbili jioni, maji mengi kuliko yote!"

Saa tisa ni Chiriku anatoka shule. Nilimtazama, naye kwa mara ya kwanza maishani mwake akafyata mdomo. Saa kumi na mbili jioni mume wangu anatoka kazini. Akaanza kutafuta kiatu ambacho alikuwa amekivaa. Kila mmoja alikuwa amemwagilia kimyakimya, akitaka siku ya sherehe aseme nyanya zimesimama kwa sababu yake.

"Na alfajiri?" nikauliza. "Alfajiri tumelala wote."

"Alfajiri ni mtu mwenye kikohozi," muuguzi akasema.

Baba akakohoa. Nadhani hakukusudia.

Tukacheka mpaka muuguzi naye akalazimika kukaa chini na gauni lake la tope mapajani. Mpinzani wetu alikuwa anaamka kabla ya ndege, anajikokota na fimbo hadi roshani, na kuwanywesha maadui zake kopo moja moja. Chiriku alimrukia shingoni.

"Babu! Wewe si uko upande wa pili?"

Baba aliinamisha kichwa kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni. "Nimezoea," akasema. "Kule kwangu ukimwaga debe zima, ardhi inalinywa na kuomba jingine. Mmea hauwezi kuwa mbele yangu alfajiri nikaupita hivihivi. Sikujua kwamba ndoo haina pa kupeleka maji."

Jioni tuling'oa mche mmoja ili tuone. Mizizi ilikuwa ya kahawia, laini, na ikinuka vibaya. Ule umekwenda. Mitano iliyobaki tumeiinua juu ya vipande vya matofali, tumezibua matundu yaliyozibwa na udongo, na tumepiga marufuku maji mpaka ukidumbukiza kidole hadi kifundo cha pili kitoke kikavu. Chini ya kila ndoo kuna sinia la plastiki, kwa heshima ya jirani. Gauni lake nimelifua mwenyewe. Pia nilimrekebishia kiuno, maana lilikuwa linampwaya.

Nimekuwa nikimwona Baba kama mtu anayehesabu siku za kutukimbia. Mtu wa namna hiyo haamki saa kumi na mbili kumwagilia nyanya za wenzake.

1 Julai

Majani mapya, ya kijani. Mume wangu amebandika ratiba ya zamu ukutani. Jina la Baba halimo. Amekataa.

10 Julai

Maua! Madogo, ya njano, yameinama kama yanaona haya.

14 Julai

Maua yanaanguka. Asubuhi nimefagia tisa.

17 Julai

Mengine kumi na mawili. Chiriku ameyazika kwenye ndoo ya sita, iliyobaki bila mche, na akataka tuimbe. Nilikuwa nimekwama na gauni la bibi harusi lenye vifungo arobaini, nikamwambia aimbe peke yake.

Lakini nimegundua jambo. Katika ndoo tano, moja haidondoshi. Ni ile niliyoingiza sebuleni kwenye jua la dirishani, karibu na cherehani. Ile imeshika vinyanya viwili, kila kimoja kama kifungo cha shati.

"Labda inapenda kelele," mume wangu akasema.

Baba alikuwa akinitengea vifungo kwa ukubwa wake. Kazi hiyo aliianza wiki iliyopita bila kuombwa. Alinyanyuka, akakaa karibu na ile ndoo, akaniambia, "Hebu shona."

Nikakanyaga cherehani. Ubao wa sakafu ukatetemeka, ndoo ikatetemeka, na ua moja likatoa vumbi jepesi la njano ambalo peke yangu nisingeliona kamwe.

"Umeona? Kule shambani upepo unaifanya kazi hiyo, na nyuki. Hapa juu hakuna nyuki, na ukuta wa roshani umekinga upepo wote. Chavua inabaki palepale, ua linachoka kungoja." Halafu akakumbuka yuko upande gani. "Sikukwambia kitu."

Basi kesho cherehani inahamia roshani. Tutaweka ubao mmoja mrefu, cherehani na ndoo zote juu yake.

18 Julai

Nashonea nje. Kuna mwanga kuliko hata chumbani kwangu, na magoti yamepumzika, maana meza ya kukatia imepata nafasi yake sebuleni pale cherehani ilipoondoka. Nilikuwa nimekasirikia chumba kile miezi miwili bure.

26 Julai

Vinyanya kumi na tisa! Nimehesabu mara mbili, Chiriku mara saba. Gauni la bibi harusi limekwisha, na kila kifungo kimechangia.

30 Julai

Siku nzima mimi na Baba roshani. Mimi nashona, yeye ananishikia kitambaa kisiburuze. Aliniambia, "Mama Chiriku, kazi yako ni ya kilimo. Unainama toka asubuhi, na mwenye kula hajui mgongo wako." Hakuna aliyewahi kunisifia kazi namna hiyo, hata mwanawe.

Halafu bila kuulizwa akanisimulia kuhusu kule kuanguka. Sisi tulijua tu kwamba majirani walimkuta jioni. Kumbe alianguka asubuhi.

"Nililala pale jua likanipita juu, likashuka upande wa pili. Sikuogopa kufa. Nililokuwa nawaza ni mbuzi, kwamba hajafunguliwa na hana maji. Nikaita. Nikaita jina la mama yenu, Mungu anisamehe, nikasahau kuwa hayupo."

Sindano ilinichoma kidole. Nikasema ndiyo iliyonitoa machozi.

"Sasa Baba, na bado unataka kurudi?"

"Kule najua nifanye nini nikiamka."

Sitaki aondoke. Nimeiandika hapa ili nisije nikajikana. Juni niliingoja tarehe kumi Septemba kwa hamu, na sasa naiogopa.

5 Agosti

Nzi weupe chini ya majani. Maji ya sabuni. Muuguzi amelalamikia povu.

15 Agosti

Oda ya mapazia ya ukumbi. Naamka nakata, nalala nakata.

17 Agosti

Mapazia.

19 Agosti

Muuguzi alipanda ngazi taratibu leo, uso umejaa wasiwasi. Alishika mlango akaninong'oneza:

"Jirani, kuna matatizo? Siku sita sijadondoshewa hata tone. Wala masinia yenu sijayasikia yakilia. Nikasema labda mzee…"

"Mzee mzima wa afya," nikasema, kisha nikageuka kutazama ndoo.

Jamani. Majani yalikuwa yamejikunja kama karatasi za sigara. Cherehani nilikuwa nimeirudisha sebuleni kwa sababu ya upana wa mapazia, na sikuwa nimetia mguu roshani. Mume wangu alidhani ni zamu yangu. Mimi nilidhani ni zamu yake. Chiriku ana mitihani. Tangu ile aibu ya Juni kila mmoja anaogopa kumwaga, na ukiogopa ni rahisi kuamini mwenzako ameshamwaga. Ratiba ilikuwa ukutani muda wote, na hakuna aliyeisoma.

Baba naye alikuwa na homa tangu Jumanne, amelala. Angekuwa mzima, zisingekauka.

Tulipata kiwewe. Mume wangu alileta ndoo ya maji kutoka bafuni, akamimina, akarudi kuchota, akamimina tena. Muuguzi aliteremka mbio kuanua nguo.

27 Agosti

Siku mbaya. Nimekaa nayo tangu asubuhi.

Nyanya zilianza kubadilika rangi juzi, na tukawa tunatembea kwa vidole kama nyumba ina mtoto mchanga. Leo nikainua ile kubwa kuliko zote ili niione kwa chini. Kitako chote kilikuwa cheusi, kimebonyea, kikavu kama ngozi ya kiatu. Nikainua ya pili. Ya tatu. Kati ya kumi na tisa, kumi na moja ni nyeusi chini.

Chiriku alilia kwa sauti. Mume wangu alisema ni ugonjwa, kwamba tuzing'oe zote kabla hazijaambukizana, tumpeleke Baba kwao tukubali yaishe. Nikamjibu vibaya. Nilimwambia kama asingemimina yale maji kama mtu anayezima moto tusingefika hapa. Akaniambia kama nisingesahau ndoo kwa ajili ya mapazia asingekuwa na moto wa kuzima. Tuliendelea hivyo hivyo, mbele ya mtoto, mpaka fimbo ikagonga sakafu.

"Si ugonjwa," Baba akasema. "Acheni kugombana. Ni kiu ya siku sita, halafu mafuriko ya siku moja. Mmea ukinyimwa maji unashindwa kupeleka chakula hadi mwisho wa tunda, na mwisho wa tunda ni pale kitako. Hakuna anayemwambukiza mwenzake. Toeni zilizoharibika, msipoteze nguvu ya mmea. Zilizobaki mzipe maji kidogo, kila siku, kiasi kilekile. Mama Chiriku, una vitambaa?"

Nina vitambaa! Nina gunia zima la vipande vya pamba. Tumevikatakata na kuvitandaza juu ya udongo ili usikauke upesi. Ndoo zetu sasa zina mablanketi ya maua na mistari.

Ratiba nimeichana. Badala yake kuna kamba ya nguo na vibanio. Changu chekundu, cha mume wangu bluu, cha Chiriku njano. Ukimwagilia asubuhi, unabana kibanio chako kwenye kamba juu ya ndoo. Ukikuta kibanio cha mwenzako, unaacha kopo chini na kwenda zako. Jioni kinatolewa. Kibanio unakiona hata ukiwa na haraka.

Chiriku alimpelekea babu yake cha kijani. Baba alikishika, akakifungua na kukifunga, akamrudishia.

"Mgeni hapewi zamu, mjukuu wangu."

Halafu akaingia chumbani. Nilisikia zipu ya begi.

28 Agosti

Kibanio chekundu.

29 Agosti

Bluu. Mume wangu ameniletea chai kitandani. Hatukusema lolote kuhusu juzi, na chai ilikuwa na sukari sawasawa.

1 Septemba

Zilikuwa nane. Ndege amedonoa mbili. Nimechukua mabaki ya shela la yule bibi harusi na kuzifunika sita zilizobaki. Sasa zimeketi roshani, zimevaa shela, zinangoja kuposwa.

4 Septemba

Moja ina uso wa pinki. Tano ni za kijani na hazina haraka na mtu. Siku zimebaki sita. Baba amefuliwa mashati yote, na yote yamerudi begini.

8 Septemba

Kuna moja nyekundu. Ni ya ndoo ile ya kwanza kukaa karibu na cherehani. Nzima, ya mviringo, inang'aa. Mume wangu alitaka tuichume leo. Baba akasema nyanya ya kushinda haichumwi ikiwa bado na mabega ya kijani, iachwe siku mbili. Nimemshuku kwamba anatuchelewesha makusudi. Nikamshuku pia kwamba anatamani iwe nzuri kweli.

9 Septemba

Mvua ya kwanza ya msimu. Imepiga toka mchana mpaka jioni, ya pembeni, ikaingia roshani yote. Nilikuwa nimekwenda kupeleka mapazia. Niliporudi vile vitambaa vya pamba vilikuwa vimelowa chapachapa na ndoo zinatiririka. Muuguzi alikuwa amesimama roshani kwake akipiga kelele kwamba safari hii anajua si sisi.

10 Septemba

Niliamka kabla ya wote. Nilifunua shela.

Nyanya ilikuwa imepasuka. Si sana. Juu begani, karibu na kikonyo, mstari mdogo kama tundu la kifungo. Mmea ulikunywa mvua yote ile kwa mkupuo, tunda likajaa upesi kuliko ngozi yake. Sikuhitaji kuelezwa. Msimu huu umenifundisha.

Nikaichuma. Nikaifuta. Nikaiweka kwenye sahani kikonyo chini, kitako juu, na mpasuko ukajificha. Nikatazama nyuma yangu kama mwizi wa siku ya kwanza.

Dereva alifika saa tatu, lori likilia honi chini. Alipanda, akasalimia, akala mkate nusu akiwa amesimama, akasema hawezi kuchelewa. Mume wangu alikaa, anatazama meza. Begi lilikuwa limeshatolewa nyuma ya mlango na kuwekwa karibu na viatu vya Baba. Muuguzi naye alikuja, anasema alikuwa anapita tu, kana kwamba mtu wa ghorofa ya pili hupita ghorofa ya tatu akienda kazini.

Nikaweka sahani mbele ya Baba.

Aliitazama. Kisha akaiinua. Huyu ni mtu aliyeuona mshono ulioruka kutoka hatua nane. Akaizungusha polepole, kitako, ubavu, ubavu wa pili, halafu akaipindua. Nilifumba macho. Nilipofumbua, kidole gumba chake kilikuwa kimelala juu ya bega la nyanya, palepale kwenye mpasuko, kimeufunika wote.

"Miwani yangu iko wapi?" akauliza.

"Mfukoni mwako, Babu," Chiriku akasema.

"Basi imeharibika. Mimi sioni doa."

Mume wangu akainua kichwa.

"Lakini Babu," Chiriku akaanza, maana alikuwa upande wa pili wa meza na macho ameyarithi, "hapo chini ya kidole chako mbona pana…"

Baba alishachukua kisu. Akakata kipande kilekile, chenye mpasuko wote, akamtia mtoto mdomoni.

"Tafuna kwanza. Ikoje?"

"Tamu," Chiriku akasema, mdomo umejaa.

"Umesikia?" Baba akamwambia mwanawe dereva. "Mimi ni mtu wa neno langu. Nenda salama, mwanangu, na umwambie jirani yangu ampe mbuzi maji."

Tuligawana kilichobaki vipande sita, muuguzi na dereva wakiwemo. Nikaenda roshani nikalia kwenye pindo la sare ya mtu. Baba alinikuta huko. Alisimama karibu yangu, akaangalia zile tano za kijani, akasema taratibu, "Na wewe, mwanangu, kuiweka kikonyo chini! Nyanya haikai hivyo sahanini. Ulitaka kutuumbua wote."

12 Septemba

Asubuhi chumba cha Baba kilikuwa wazi na kitanda kimetandikwa. Nikatazama nyuma ya mlango. Begi halikuwepo.

Nilidhani amejuta. Nilidhani ameona haya kwa ule uongo wetu na amekwenda kutafuta usafiri mwenyewe, na nyonga ile. Nilimwamsha mume wangu kwa kelele, akatoka na shati ndani nje. Nikakimbilia kabatini, sijui kwa nini, nikavuta droo. Mashati sita, yamekunjwa. Droo ya pili, soksi, leso, picha ya mama mkwe kwenye fremu.

Nikiwa bado nimeshika droo nikasikia fimbo kwenye ngazi, na sauti ya muuguzi ikimhimiza, "Mguu mzuri kwanza, mzee, halafu ule mwingine." Wakaingia wote wawili, wanahema, wamebeba begi kila mmoja mkono mmoja. Kabla halijawekwa chini nilijua ndani mna nini. Jengo zima nadhani lilijua.

"Mbolea ya kuku," Baba akasema kwa furaha. "Kavu kabisa. Mtaa wa pili kuna mama anafuga, anaitupa! Anaitupa, mwanangu! Ndoo ya sita iko wapi? Na kile kibanio cha kijani mlikiweka wapi?"

Chiriku alimletea. Kiko kwenye kamba sasa hivi ninapoandika.

Begi nimelifua mara mbili leo, kwa sabuni na maji ya moto, na bado linanuka kiasi kwamba hakuna dereva atakayelipakia. Sitalifua mara ya tatu.